Maji ya juu, maji ya chini

Katika kurasa hizi wenzetu wameandika juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya watoto na juu ya kasiksi ya wageni. Sisi tumeomba nafasi ya kuandika juu ya maji: maji ya kunywa, na yale mengine yanayotoka nyumbani ambayo hatupendi kuyataja mbele ya watu. Kuna msomaji atakayeuliza kama hiyo nayo ni desturi. Tunamjibu kwamba hatujui desturi nyingine inayofanywa kila siku, asubuhi na jioni, na kila mtu, tajiri na maskini, bila kungoja sherehe. Na kwetu sisi Bukavu ni desturi iliyovunjika. Tulikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiivunja, ndiyo maana tunaandika.

Tuanzie kijijini, upande wa Walungu, kwa bibi yetu mzaa baba. Likizo ya mwezi wa saba tulipelekwa huko, na kazi yetu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kushuka na vibuyu hadi bondeni, kwenye jicho la maji. Mtoni pale palikuwa na mahali patatu. Pa juu kabisa, maji yanapotoka kwenye mawe, palikuwa pa kuchota tu. Chini yake, hatua kama thelathini, palikuwa pa kufua na kuoga: wanaume upande wao, wanawake upande wao, nyuma ya matete. Chini zaidi palikuwa pa ng'ombe. Hapakuwa na kibao wala ukuta. Mtoto alijifunza kwa kupigwa kofi.

Sheria zilikuwa chache. Usiingize mguu penye jicho. Usichovye chungu chenye masizi. Usikate miti inayozunguka. Usipeleke sabuni pale juu, hata kama uko peke yako na hakuna anayekuona. Muzee mmoja, ambaye shamba lake lilipakana na chemchemi, ndiye aliyekuwa mlinzi. Hakulipwa kitu, lakini aliyekosa alitoa mtungi wa kasiksi, na mlinzi alikunywa wa kwanza. Baba yetu alitusimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto alinawa miguu pale juu baada ya kuchunga, na baba yake akalipa mtungi mzima wakati ambapo ndizi zilikuwa haba. Alivyolisimulia jambo lile ungedhani ni jana. Fimbo alikuwa amekwisha kuisahau. Kilichomkaa moyoni ni aibu ya kuona wazee wakinywa faini yake na kumtazama.

Tusiisifu sana desturi ile. Kwanza, vibuyu tulivibeba sisi watoto na mama zetu. Hatukumbuki hata siku moja kuona mwanamume mzima amejitwika maji, labda kama ni maji ya kupiga matofali. Dada zetu walijua kila jiwe la njia ile kwa nyayo zao. Pili, ukitazama vizuri, nyumba zote zilikuwa juu ya kilima na chemchemi ilikuwa chini, maana yake hata vyoo vilikuwa juu ya chemchemi. Kilichotuokoa ni kwamba nyumba zilikuwa kumi na tano hivi kwenye kilima kizima, na kila choo kilichimbwa mbali, katikati ya migomba. Kikijaa kilifukiwa na kupandwa mgomba juu yake, na mgomba ule ulizaa kuliko mingine yote. Kati ya choo na maji palikuwa na udongo mwingi, na udongo ndio uliokuwa ukisafisha. Wazee hawakusema hivyo, wala hawakuhitaji kusema. Walikuwa na nafasi.

Bukavu haina nafasi. Anayeufahamu mji wetu anajua ulivyokaa: vilima vinashuka kwa ghafla hadi ziwa Kivu, na peninsula tano zinaingia majini kama vidole vya mkono. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Costermansville mpaka miaka ya 1950. Wazungu walijenga upande wa ziwa, nyumba zao zikiwa na bustani na fosi septiki. Wafanyakazi weusi wakapangiwa Kadutu, na baadaye Bagira. Maji ya bomba yalishushwa kutoka milimani, Murhundu, upande wa Kabare, yakagawanywa kwa watu waliokuwapo wakati ule. Baba yetu alipokuja mjini kutafuta kazi na kupata parsele Kadutu, robine ya avenyi ilitoka maji usiku na mchana, na watoto walicheza chini yake.

Halafu watu waliongezeka. Wengi walikuja kwa hiari, kama baba. Wengine wengi walikimbizwa na vita: ile ya mwaka 1996, ile ya mwaka 1998, na miaka iliyofuata ambapo mtu wa Walungu, wa Kabare au wa Shabunda hakujua atalala wapi usiku. Mji uliojengwa kwa makumi ya maelfu leo unahesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni moja. Parsele moja ilikatwa mara mbili, kisha mara nne. Nyumba zilipanda mpaka kwenye mapindo ya milima yasiyofaa hata kwa mihogo, zikashuka mpaka kwenye makorongo, ukuta wa huyu ukawa msingi wa yule. Robine ya avenyi ikaanza kutoka maji mara tatu kwa juma, kisha usiku tu, kisha kwa siku ambazo hakuna aliyezijua. Mama alilala na sikio moja wazi. Akisikia tiyo inakohoa saa nane za usiku alituamsha: "Amukeni, maji imekuya!"

Tulikuwa watu tisa nyumbani. Wataalamu wanaohudumia wakimbizi wanasema mtu asipungukiwe lita kumi na tano kwa siku, za kunywa, kupika na kujiosha. Kwa watu tisa ni lita 135, karibu bido saba za lita ishirini. Sisi tulikuwa na bido nne, na siku nyingi zilijaa mbili. Hesabu hiyo hatukuifanya wakati ule. Tulijua tu kwamba maji ya kuoshea vyombo yanaosha pia miguu ya watoto, kisha yanamwagwa chooni.

Sasa tuseme juu ya choo chetu. Baba alikichimba mwenyewe, na kwa sababu parsele imelala kwenye mteremko, upande wa chini wa shimo ulikuwa ukuta wa mawe unaotazama korongo. Katika ukuta ule, chini kabisa, aliacha tundu la ukubwa wa kichwa cha mtu, akaliziba kwa jiwe na udongo. Msomaji wa Kadutu amekwisha kutuelewa. Msomaji wa mahali pengine tumweleze: mvua yetu inaanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi wa tano, na ikinyesha kweli kweli makorongo yanageuka kuwa mito. Usiku kama huo, choo kikiwa kimejaa, mtu anaamka, anavuta jiwe, na mvua inafanya kazi yake. Asubuhi shimo ni tupu, korongo limeoshwa, hakuna aliyeona kitu. Magari ya kunyonya vyoo yapo mjini, lakini hakuna gari linaloweza kupita kwenye vijia vyetu, na hata lingepita, bei yake ilikuwa zaidi ya mshahara wa baba.

Sisi watoto ndio tulioshika tochi. Tunakumbuka kelele ya mvua juu ya manjanja, baba akiwa amevaa koti la kaki na gunia kichwani, na jinsi alivyotuambia tugeuze uso kabla hajavuta. Mwanga wa tochi nyingine tuliuona mbele na nyuma yetu, juu na chini ya mteremko, kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea. Hatukuona vibaya. Avenyi nzima ilifanya hivyo, hata shefu wa avenyi. Tena ilikuwa na kicheko chake: kulipokuwa na radi wanafunzi walisema, "Leo bazee banahamisha."

Lakini korongo lile lilikuwa na watu. Chini yetu, mwendo wa dakika nane kwa kushuka, aliishi shangazi yetu, dada mdogo wa baba, mjane aliyekuja mwaka 1998 na watoto wanne na wajukuu. Parsele ya bei nafuu haipatikani juu. Karibu na mlango wake palikuwa na chemchemi ndogo, maji yakitoka kati ya mawe mawili, na akina mama wa chini kule hawakuwa na robine hata ya kukohoa. Walichota pale. Maji yalikuwa maangavu na baridi. Shangazi aliyasifu kuwa yanafanana na ya kwetu Walungu, na kweli siku ya kwanza alipoyaona alipanga mawe: hapa pa kuchota, pale pa kufulia. Alileta mjini sheria za mlinzi wa zamani, bila kasiksi.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2003, mjukuu wake wa miaka mitatu aliharisha usiku. Kufika asubuhi choo chake kilikuwa kama maji ya mchele, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Shangazi alimbeba mgongoni kupanda vilima hadi kituo cha afya. Walimtundikia seromu, lakini ilikuwa imechelewa, akafa kabla ya saa sita za mchana. Juma lile walipelekwa wengine saba kutoka korongo lile lile, na wote saba walipona.

Kipindupindu si mgeni kwetu Kivu. Kipo tangu miaka ya 1970, kinaondoka na kurudi. Watu wa umri wetu walikijua zaidi mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma kwa mamia ya maelfu. Katika mwezi mmoja walikufa karibu elfu hamsini, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu, kando ya ziwa kubwa lenye maji yasiyokauka. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, haikuchimbika vyoo wala hata makaburi. Tuliyasikia hayo na kuhurumia. Hatukufikiri kwamba ugonjwa huu una njia moja tu, kutoka kwa mtu kwenda kinywani mwa mtu mwingine, na kwamba kila tulipovuta jiwe tulikuwa tunaifungua njia hiyo.

Siku ya tatu ya kilio, watu wakiwa wamepungua, shangazi alikuja kuketi karibu na baba. Sisi tulikuwa nyuma yao tunakaanga njugu za wageni. Kwa muda hakusema kitu. Kisha akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya unga: "Yaya, ile siku ya ine mvua ilinyesha sana. Kwenu kule mulilala?"

Baba alitazama moto. Akajibu: "Tulilala."

Hakuuliza tena. Sisi tulijua, na tulijua kwamba anajua. Hatuwezi kuapa kwamba ni choo chetu kilichomwua mtoto yule. Tochi zilikuwa nyingi usiku ule. Lakini ni uongo pekee tuliowahi kumsikia baba yetu akiusema mbele ya dada yake, na mtu yule alikuwa amelipa mtungi wa kasiksi kwa sababu ya miguu tu.

Juma lililofuata alinunua nusu mfuko wa simenti kwa mkopo, akaliziba tundu. Hakutueleza sababu, wala hatukuuliza.

Wasomaji wasidhani kwamba mambo yaliishia pale vizuri. Choo kilichozibwa kinajaa. Kilipojaa, tulitafuta vijana wanaofanya kazi hiyo usiku kwa ndoo na kamba, kazi nzito na ya hatari ambayo hakuna anayewashukuru. Walilipwa, wakafanya kazi mpaka alfajiri. Mama akawauliza wanapeleka wapi. Mmoja akajibu: "Mama, ile usiulize." Waliyapeleka mtoni Kawa, mto unaopita katikati ya mitaa yetu na kuingia ziwani. Kwa hiyo tulikuwa tumelipa pesa ili uchafu wetu upite njia nyingine. Hili ndilo tunalotaka wanaopenda kutoa mahubiri ya usafi walielewe. Unaweza kumwambia mtu asivute jiwe, na ni haki. Lakini Bukavu haina mfereji mkuu unaokusanya maji machafu ya nyumba zote na kuyapeleka mahali pa kusafishwa. Yote, ya tajiri na ya maskini, yanaingia ardhini au yanaishia ziwani. Fosi septiki yenyewe, hata iliyojengwa vizuri, inatuliza tu matope na kuachilia maji yake kwenye udongo. Na udongo ukiwa umebeba nyumba mia kwenye kilima kimoja, unachoka kama mtu.

Mwaka 2006 akina mama wa korongo waliamua kuitengeneza chemchemi, na walikuja kututafuta sisi wa juu. Kazi ile inaitwa kaptaji, na kwa kuwa watu wengi huona ukuta na bomba tu, tueleze kilichomo. Unachimba kurudi nyuma, ukifuata maji mpaka uone jicho lenyewe, pale yanapotoka kwenye mwamba au udongo mgumu. Hapo unapanga mawe makubwa yaliyooshwa, kisha changarawe, maji yapite katikati. Juu yake unashindilia udongo wa mfinyanzi ili maji ya mvua yasiingie kutoka juu. Mbele unajenga ukuta wa mawe na simenti wenye bomba, urefu wa kutosha bido kukaa chini yake. Chini unasakafia na kuweka mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika, ili watu wasisimame kwenye matope. Na juu ya vyote, upande wa kilima, unachimba mtaro wa nusu mwezi wa kugeuza maji ya mvua, unapanda majani, unazungusha ua. Mikaratusi iliyokuwa karibu tuliing'oa, maana mti ule unakunywa maji kuliko ng'ombe. Salongo ilichukua Jumamosi tisa. Baba, ambaye mgongo wake ulikuwa umekwisha kuharibika, alikaa juu ya jiwe akivunja changarawe kwa nyundo ndogo. Hakukosa Jumamosi hata moja.

Ugumu haukuwa kwenye mawe. Fundi aliyetuongoza alisema choo kisiwe karibu na chemchemi chini ya mita thelathini. Tukapima kwa kamba. Choo cha kwanza kilikuwa mita kumi na mbili, cha pili kumi na tisa, cha tatu ishirini na tano. Mwenye choo cha kwanza alisimama mlangoni kwake na panga. "Munataka nikunye wapi, mu sufuria?" Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki: parsele yake yote haikufika mita kumi na mbili. Ilichukua miezi mitatu ya vikao. Mwishowe majirani wawili wa upande wa pili walikubali atumie choo chao, yeye akajenga ukuta wao uliokuwa umeanguka, na shimo lake likafukiwa kwa chokaa na udongo. Shangazi akapanda mgomba juu yake. Huyo jirani ndiye aliyekuja kuwa mlinzi mkali kuliko wote.

Komite iliundwa, akina mama watano na wanaume wawili, na shangazi akawa mkubwa wao. Sheria zake zilikuwa zile za Walungu: hakuna mguu, hakuna sabuni, hakuna chombo chenye masizi. Akaongeza kwamba mvulana wa miaka kumi na kuendelea atachota kama dada yake, naye asiyechota atafagia mfereji. Hiyo haikuwa desturi yetu, tena baadhi ya wanaume waliokuja kulalamika walimwita mtu wa mashirika. Faini haikuwa kasiksi tena bali sabuni ya kituo cha afya. Tulijaribu kwa saa bomba lilipoanza kutoka: bido ya lita ishirini ilijaa kwa sekunde arobaini, yaani bido tisini kwa saa. Baba alisimama pale akihesabu pamoja nasi. Shangazi akamletea kikombe cha kwanza. Alikishika muda mrefu kabla ya kunywa.

Tunajua kwamba ukuta mzuri na bomba jipya si dawa. Maji yanayotoka chini ya kilima chenye vyoo mia yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa na ugonjwa. Macho hayaoni kitu hapo. Ndiyo maana komite iliwafundisha watu kuchemsha, au kutia klorini na kungoja nusu saa. Wenye makaa walichemsha. Wengine walisema klorini inaharibu ladha ya maji, na kweli inaiharibu.

Ramani ilitufundisha jambo jingine ambalo wazee wetu hawakulazimika kulifikiri. Ziwa letu linatoka kupitia Ruzizi, hapa hapa Bukavu. Mitambo ya umeme iliyoko pale mara nyingi inazibwa na chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa kwenye makorongo. Mvua ya Kadutu inageuka giza la mji mzima. Ruzizi inashuka hadi uwanda wa Uvira na kuingia Tanganyika, na kipindupindu cha Uvira kila mtu amekisikia. Tanganyika nayo inatoka kwa mto Lukuga, pale Kalemie, unaojiunga na Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo yenyewe inayopita Kisangani na Kinshasa. Kijijini tulijua nani wa juu na nani wa chini kwa kutazama. Huku mjini tumelalamika miaka yote juu ya wanaokaa juu yetu, kumbe sisi ni wa juu wa nusu ya nchi.

Nchi hii, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011, ina zaidi ya nusu ya maji yote ya juu ya ardhi ya Afrika, na katika ripoti ile ile robo tatu ya raia wake hawakuwa na maji salama ya kunywa. Sheria juu ya maji, nambari 15/026, ilitiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2015. Inazipa provensi na komini kazi ya kuwapatia watu maji, na kuwafungulia mlango watu wengine waweze kufanya kazi hiyo. Tuliisoma katika kikao cha komite, ukurasa kwa ukurasa, kijana mmoja akitafsiri Kifaransa. Shangazi aliuliza kama mna mahali panaposema nani atanunua bomba likipasuka. Tulitafuta mpaka taa ikazimika.

Baba alikufa mwaka 2014. Shangazi yupo, amezeeka, anatembea na fimbo, na bado anashuka kila asubuhi kuangalia kama mfereji umefagiwa. Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, watu walijifungia ndani siku nzima. Yeye alituambia kwamba jioni ile alihesabu bido kumi na nne bombani, zikiwa zimeachwa na watoto waliokimbia risasi, na kwamba kesho yake kila moja ilichukuliwa na mwenyewe. Wakati wa kiangazi bomba linatoka kidogo kuliko zamani. Bido inajaa kwa zaidi ya dakika moja. Huku juu wamejenga nyumba nyingine tatu kati yetu na korongo.

Masika iliyopita, usiku mmoja wa mvua kubwa, tulikuwa tumelala katika nyumba ile ile ya baba. Kati ya radi mbili tulisikia mlango wa jirani mpya, kisha nyayo kwenye matope, kisha sauti ya jiwe likivutwa juu ya jiwe. Sauti ile tungeitambua hata kaburini. Tuliamka, tukaketi kitandani. Jirani yule ana watoto sita na hana kazi. Alikimbia vita kama shangazi alivyokimbia. Tulipanga maneno ya kwenda kumwambia, na kila tulipoyapanga tuliuona mwanga wa tochi mikononi mwetu wenyewe.

Kulipopambazuka, kabla ya kwenda kwa jirani, tulimtuma mtoto akimbie chini. "Mwambie shangazi, leo basichote. Bangoje mupaka kesho." Mtoto aliuliza akiulizwa sababu aseme nini. Tukamwambia aseme kwamba usiku hatukulala.